Idjwi: Rovu, muhogo na historia ya tezi ya shingo

Zamani, wakaaji wengi wa kisiwa cha Idjwi, katikati ya Ziwa Kivu, waliishi na rovu, ule uvimbe wa shingo. Wengine walisema ni uchawi, wengine wakalaumu maji.

Katika miaka ya 1960, waganga kutoka Ubelgiji, kati yao François Delange na André-Marie Ermans, walipima wakaaji wa kisiwa hicho. Waliona jambo la kushangaza: kaskazini rovu ilikuwa kwa watu wengi, kusini-magharibi kwa wachache. Lakini pande zote mbili zilikosa iodi, madini ambayo tezi ya shingo hutumia kutengeneza homoni.

Mwaka 1971 waliandika kwamba tofauti ilitoka katika chakula. Muhogo una sumu ya sianidi. Ukiliwa bila kutayarishwa vizuri, mwili hugeuza sumu hiyo kuwa tiosianati, nayo huzuia iodi kuingia katika tezi. Mama mwenye mimba akikosa iodi, mtoto anaweza kuzaliwa na akili nzito, na asikue vizuri.

Historia haikuishia Kivu. Huko Ubangi, kaskazini mwa inchi, watu walikosa iodi na pia seleniumu, madini yanayosaidia mwili kulinda tezi isiharibike. Watafiti wakawapa watoto wa shule seleniumu peke yake kwa miezi miwili. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1991 yalionyesha kwamba homoni za tezi zilishuka, badala ya kupanda. Tangu hapo ilijulikana: kinga bila iodi inaweza kuleta hasara.

Somo hilo lina faida hata leo, wakati majani na vidonge vinauzwa sokoni kwamba vinasafisha mwili na sumu za krimu za kung'arisha ngozi. Krimu yenye zebaki dawa yake ya kwanza ni kuiacha. Majani hayachukui nafasi ya iodi.

Kwa familia zilizokimbia vita, njaa hufanya muhogo mchungu upikwe haraka. Lakini kuuloweka siku tatu ao zaidi, kumwaga maji yake na kuuanika vizuri kunapunguza sumu sana. Na chumvi yenye iodi ifunikwe, iwekwe mbali na jua na unyevu, na kutiwa chakula kikiwa karibu kuiva. Mwenye uvimbe shingoni aende kituo cha afya.