Mimi na Toutou mlimani, na swali lililonitoa kamasi

Mlioniuliza kuhusu jaribio la fizikia, haya: swali la mteremko limenilaza chali. Mzigo ulikuwa unashuka, mimi nikachora mshale wa msuguano ukielekea chini, kama vile mzigo unapanda. Mlionibishia kantini mlikuwa sahihi. Sasa nawalipa kwa historia inayoishia kwetu Rukwa.

Mwaka 1915, vitani, Wajerumani ndio walikuwa wababe wa Ziwa Tanganyika. Waingereza wakaleta boti mbili, Mimi na Toutou (ni jina, siyo mimi, kwi kwi kwi!), kila moja kama mita 12. Meli hadi Cape Town, treni hadi Fungurume kule Kongo, halafu nchi kavu kuvuka milima ya Mitumba. Mkuu wa msafara alikuwa Geoffrey Spicer-Simson.

Hapo ndipo hesabu inapoanza. Tuseme mzigo ni tani 4, uzito kama nyutoni 40,000. Njia inapanda mita 1 kila mita 6, kwa hiyo mlima unauvuta mzigo chini kwa nyutoni kama 6,700. Magurudumu na udongo vikikaza kwa nyutoni 4,000, kupanda kunataka 10,700. Kushuka je? Msuguano umegeuka, sasa unakusaidia: 6,700 toa 4,000, zinabaki 2,700. Ndogo, lakini siyo sifuri! Usipozuia kwa nyuma, boti inakupita.

Wale walikuwa na matrekta mawili ya mvuke. Penye mwinuko mkali yakashindwa, ikabidi maksai, kamba na kapi. Njia na madaraja vilijengwa kwa jasho la Waafrika wengi. Jina la Spicer-Simson ninalo, yao sijayaona popote. Hilo linaniuma kuliko maksi.

Boti zilifika ziwani, na tarehe 26 Desemba 1915 zikaiteka meli ya Kijerumani, Kingani. Juni 1916 kikosi hicho kikatokea Bismarckburg, ndiyo Kasanga yetu. Wajerumani wakatoroka usiku.

Ukitoka Sumbawanga, mita kama 1,800, kwenda Kasanga ziwani, mita kama 770, sikiliza lori likishuka kwa gia nzito. Dereva hajachora mshale wowote, ila anajua msuguano uko upande wake.

Marudio ni Ijumaa. Niombeeni!