Pepo, Nzige na Jina la Kokumo: Picha ya Exorcist II ya Mwaka 1977

Katika picha ya sinema iitwayo The Exorcist, iliyotolewa Marekani mwishoni mwa Desemba 1973, yamo maneno machache juu ya Afrika yapitayo upesi. Wakuu wa kanisa wanapotafuta padre wa kumpunga pepo aliyempanda binti mmoja wa Georgetown, husemwa kwamba mzee Padre Merrin alikwisha kuifanya kazi hiyo zamani huko Afrika, nayo ilidumu miezi na nusura imtoe roho. Mahali hapatajwi, wala mgonjwa hatajwi jina. Maneno hayo ndiyo yaliyozaa sehemu kubwa ya picha ya pili, Exorcist II: The Heretic, yaani mzushi wa dini, ya mwaka 1977, lakini mwana huyo hakumfuata mzazi wake kwa sura wala kwa bahati.

Picha ya kwanza, iliyoongozwa na William Friedkin kutoka katika kitabu cha William Peter Blatty cha mwaka 1971, ilipata zaidi ya dola milioni 190 katika Marekani, ikapendekezwa kwa tuzo kumi za Oscar na kupewa mbili. Ya pili ilianza kuoneshwa tarehe 17 Juni 1977. Iligharimu kadiri ya dola milioni 14, ikaleta kadiri ya milioni 30 huko Marekani. Kwa hesabu ya fedha haikuwa maangamizi; maangamizi yalikuwa ya heshima. Watazamaji walicheka palepale walipotakiwa kutetemeka. Mwongozaji wake, John Boorman, alilazimika kuirudia picha iliyokwisha kutoka, akaikata na kuishona upya, hata mwisho wake ukabadilishwa. Ndiyo maana nakala zake hazilingani. Mwaka 1980 ndugu wawili wa ukoo wa Medved walipotoa kitabu chao cha kuzidhihaki picha mbaya, kura za wasomaji ziliiweka ya pili kwa ubaya katika picha zote zilizopata kutengenezwa.

Sababu zinazotolewa kwa kawaida ni za kweli, ila hazifiki kwenye mzizi. Boorman aliugua homa ya mapafu itokayo katika vumbi la mabonde ya California, na kazi ikasimama zaidi ya mwezi mmoja. Mchezo ulioandikwa na William Goodhart uliandikwa tena na tena na Rospo Pallenberg pamoja na mwongozaji mwenyewe. Blatty na Friedkin hawakuwamo, na Ellen Burstyn, aliyekuwa mama wa binti katika picha ya kwanza, alikataa kurudi. Hata ngazi mashuhuri za Georgetown hazikupatikana, ikabidi zijengwe za bandia. Lakini picha nyingi zilizopatwa na misiba kama hiyo zilipendwa. Mzizi ni kwamba Boorman alikuwa ametakiwa kuiongoza picha ya kwanza naye akakataa, kwa kuwa aliiona kuwa ni hadithi ya kumtesa mtoto. Alipoikubali ya pili hakuja kuiendeleza hadithi ile, alikuja kuijibu. Watu waliolipa kiingilio ili watishwe wakapewa hoja, na hoja yenyewe ni ngumu: kwamba nia za wanadamu zinaelekea kuungana ziwe nia moja, kama alivyofundisha padre na mtaalamu wa Kifaransa Teilhard de Chardin, na kwamba uovu huwashambulia hasa wale walio na kipawa cha kuponya.

Hadithi yaenda hivi. Miaka minne imepita, na Regan, yule binti, anaishi New York, akitazamwa na daktari wa maradhi ya akili, Gene Tuskin. Padre Lamont, aliyechezwa na Richard Burton, anatumwa kuchunguza kifo cha Merrin. Daktari anacho chombo chenye taa za kumetameta ambacho huziunganisha akili za watu wawili katika usingizi mmoja, na kwa njia hiyo Lamont anauona mwamba wa Afrika, na juu yake kanisa, na ndani ya kanisa mtoto mwanamume aliyepandwa na pepo. Jina lake Kokumo. Chombo hicho ndicho kilichochekwa kuliko vyote, wala si bila haki: watu wazima wawili waliofungwa utepe kichwani, wakitazamana huku taa zikiwakawaka, hawawezi kutisha.

Afrika ya picha hii ilijengwa ndani ya karakana za sinema za Burbank, California. Mahali panapokusudiwa ni Ethiopia, na aliyeziona picha za makanisa ya Tigray yaliyo juu ya majabali, ambayo baadhi yake hupandwa kwa kamba na kwa kushika mianya ya mwamba, ataitambua mara moja asili ya mandhari hayo. Basi hapo ndipo msomaji wa mambo ya lugha hukwama, kwa maana Kokumo si jina la Kiethiopia hata kidogo. Ni jina la Kiyoruba, la Nigeria, umbali wa bara zima, na maana yake ni kwamba huyu hafi tena. Hupewa mtoto aliyezaliwa baada ya wenzake kufariki, aaminiwaye kuwa ni yuleyule anayekuja na kurudi, ili jina limzuie asiondoke. Mtu wa pwani anayewajua akina Tabu na Mashaka haoni ajabu jina kuibeba habari ya kuzaliwa kwa mtoto. Lililo la ajabu ni kwamba jina hili laafikiana vizuri mno na mtoto aliyenusurika na mauti, lakini limewekwa katika nchi isiyo yake. Ama mwandishi alijua maana akapuuza nchi, ama jina lilimpendeza sikioni tu; picha yenyewe haisemi.

Pepo naye katolewa mbali. Ni Pazuzu, wa Babeli na Ashuru, mfalme wa pepo waovu wa upepo. Watu wa kale walimwogopa, lakini pia walimtumia: wanawake waja wazito walivaa hirizi yenye kichwa chake ili amfukuze Lamashtu, adui wa watoto wachanga. Kwa hiyo Pazuzu wa kweli alikuwa mkali anayeweza kugeuzwa kuwa mlinzi, na mafundisho hayo ndiyo hasa Boorman aliyoyatafuta. Kiswahili kingemwelewa upesi, kwa kuwa pepo na upepo ni watoto wa mzizi mmoja, na lugha haikuona haja ya kuwatenga sana.

Tena jambo kubwa zaidi lilikuwapo Ethiopia kwenyewe. Huko, kama Sudan na Misri, upo uganga wa zar, ambamo pepo haangamizwi. Huulizwa jina lake, huambiwa aseme atakacho, hutulizwa kwa ngoma na ubani, kisha huishi na mtu wake kwa mapatano. Pwani ya Afrika Mashariki inazo desturi za jamaa hiyo: pepo hupanda kichwani, na aliyepandwa huitwa kiti chake, wala kiti hakivunjwi kwa sababu mgeni amekikalia. Mwongozaji aliyetaka kuonesha kwamba kufukuza si njia ya pekee alikuwa na ushahidi ulio hai katika nchi ileile aliyoichagua. Badala yake akamtia mchezaji James Earl Jones kinyago cha nzige, akamtaka Padre Lamont akanyage miiba ya chuma kwa miguu mitupu.

Hata hivyo, mara Lamont anapoanguka, njozi hutoweka, akajikuta mbele ya Kokumo wa kweli: bwana aliyevaa kwa utulivu, mtaalamu wa wadudu, ndani ya maabara. Hapo picha huwa bora kuliko sifa yake. Kokumo aeleza kwamba panzi ni mpole akiwa peke yake, lakini mbawa zinapogusana katika msongamano hugeuka rangi na tabia, wakawa kundi moja la uharibifu. Naye anajaribu kuzalisha nzige mwema asiyeshikwa na wazimu wa wenzake. Msingi wa maneno haya si ndoto. Mwaka 1921 Boris Uvarov alikwisha kueleza kwamba nzige wa makundi na panzi mpweke waweza kuwa wa namna moja, na uchunguzi wa baadaye ulionesha kwamba kuguswa humbadili kweli nzige wa jangwani, ila ni kwa miguu ya nyuma, si kwa mbawa. Wakulima wa Afrika Mashariki, wanaotenga kwa majina panzi, tunutu na nzige, na ambao serikali zao ziliunda shirika la kupambana na nzige wa jangwani mwaka 1962, wangeisikiliza hotuba hiyo bila kucheka.

Watetezi wachache walijitokeza. Mhakiki Pauline Kael aliipenda kuliko ya kwanza, na Martin Scorsese alisema vivyo hivyo. Blatty hakukubaliana nao: alipoongoza mwenyewe The Exorcist III, mwaka 1990, alipita kana kwamba ya pili haikuwako, na Kokumo akafutika pamoja nayo.

Kwa hiyo wenye mali walipotaka tena kusimulia kazi ya Merrin katika Afrika, walianza upya na kuihamishia Kenya, katika nchi ya Waturkana, chini ya utawala wa Waingereza baada ya vita vya pili. Paul Schrader aliimaliza. Wenye mali hawakuridhika, wakampa Renny Harlin aitengeneze upya, na yake ikatangulia kutoka mwaka 2004, ya Schrader ikafuata 2005. Kenya hiyo ilipigwa picha Morocco na Italia. Ndani yake mna kanisa la kale lililofukiwa mchangani, ambalo historia ya Turkana hailijui. Mwafrika mtaalamu hayumo tena. Wamo wanakijiji wenye hofu na askari wenye bunduki. Katika picha ya Schrader kijana anayepandwa na pepo, kilema aliyetengwa na watu wake, aitwa Cheche, na safari hii angalau jina ni neno la Kiswahili.