Kiwanda, Msana na Ndani: Nyumba ya Kale ya Lamu na Maisha ya Leo

Wanafunzi wetu wa huku Uganda, waliposoma kwamba jua la asubuhi huingia katika kiwanda cha nyumba ya kale ya Lamu, walidhani kwamba mwenye nyumba ile alikuwa na mitambo. Hatukuwacheka. Hata sisi tuliojifunza Kiswahili bara, mbali na bahari, tulikuwa tumelizoea neno hilo kwa maana ya mahali pa kutengenezea bidhaa tu. Ilitubidi tuichore nyumba ubaoni, chumba baada ya chumba. Tangu hapo tumekuwa tukifuatilia habari za majumba hayo, na hasa swali linalowashughulisha wakazi wake: nyumba iliyojengwa kwa maisha ya karne ya 18 itatengenezwaje ndani ili ikalike leo, ikiwa na bomba, umeme, jokofu na watoto wanaohitaji mahali pa kusomea?

Yafaa kwanza tuingie nyumbani kwa utaratibu wake. Mtu atokaye njiani hukuta daka, yaani ukumbi mdogo wenye mabaraza ya mawe kushoto na kulia, na wageni wengi walikomea hapo. Nyuma ya mlango kuna tekani, kipito kilichopindishwa makusudi ili apitaye nje asiione familia. Kisha hufuata kiwanda, nacho ni ua wa ndani usioezekwa. Bila shaka msomaji atalisikia humo neno uwanda. Kando ya kiwanda ni sabule, chumba cha mgeni, ambamo mfanyabiashara aliyeletwa na kaskazi aliweza kukaa mpaka kusi ivume na kumrudisha kwao. Neno hilo ndilo sebule ya kamusi zetu. Mgeni wa zamani amekwisha kuondoka, na mahali pake pamewekwa makochi.

Kutoka kiwandani mtu huingia msana wa tini, kisha msana wa yuu, kisha ndani, na nyuma kabisa nyumba ya kati. Walimu watatambua Kiamu: tini ni chini, na yuu ni juu. Lakini wanafunzi waonywe kwamba hapa hapatajwi ghorofa. Misana yote miwili imo katika orofa moja, ila sakafu huinuka kidogo kila mtu anapozidi kuingia, na kadiri inavyoinuka ndivyo faragha inavyozidi. Huko ndani ndiko kwenye zidaka, vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu kwa safu ukutani na kupambwa kwa nakshi, ambamo ziliwekwa sahani na bakuli kutoka Uchina. (Kidaka, zidaka: hapa pana mfano mzuri wa kiambishi zi- cha Kiamu panapotarajiwa vi-.) Chooni palikuwa na birika la maji, na katika birika samaki wadogo waliokula viluwiluwi vya mbu. Chini ya birika ilijengewa bakuli ya kaure, ili maji yakipungua samaki wapate pa kukimbilia. Hatujaona katika nyumba za siku hizi hila iliyo safi kuliko hiyo.

Kuna jambo moja linalotawala umbo la nyumba nzima, nalo ni boriti. Dari hushikwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa mti wa mkoko haukatwi mrefu upendavyo, upana wa chumba hauzidi takriban mita 3. Ndiyo sababu misana ni mirefu na myembamba. Juu ya boriti hupangwa mawe ya matumbawe, kisha chokaa, na uzito wote huo hushuka katika kuta ambazo unene wake unakaribia nusu mita. Ukuta unaotenga msana na msana umebeba boriti za pande zote mbili. Anayetaka chumba kipana cha kuwekea seti yake ya viti, akaamuru ukuta huo ubomolewe, ameondoa mguu wa meza akitumaini kwamba meza itabaki imesimama.

Wapo wasemao kwamba nyumba hizo zisiguswe kabisa. Kwa maoni yetu hao hawajajiuliza nani alikuwa akijaza lile birika. Maji yalichotwa na kubebwa na watumwa. Watumwa ndio waliopika, ndio waliofagia, na kazi ya kuchoma matumbawe yawe chokaa haikuwa ya waungwana. Utumwa ulipopigwa marufuku katika pwani ya Kenya mwaka 1907, wenye nyumba wengi hawakuwa tena na mikono wala fedha za kuzitunza. Kwa hiyo mama wa leo anayetaka bomba jikoni haiharibu historia. Yeye mwenyewe ndiye anayepika na kuosha. Tunalolihoji ni bomba hilo limepitishwa wapi.

Maji ndiyo adui mkubwa wa nyumba hizi. Bomba lililofukiwa ukutani huvuja bila kuonekana, na ncha ya boriti iliyozama ukutani huoza kabla mtu hajaona ufa. Pipa kubwa la maji juu ya paa ni mzigo ambao mjenzi wa kwanza hakuuhesabu. Saruji nayo hushangiliwa kwa ugumu wake, lakini haipitishi unyevu kama chokaa. Maji yaliyomo ukutani hukosa njia, chumvi hujikusanya nyuma ya lipu, na lipu hubambatuka pamoja na uso wa jiwe. Huko Unguja, baada ya Mapinduzi ya 1964, majumba mengi ya Mji Mkongwe yaliyokuwa ya familia moja yaligawiwa familia nyingi. Viliongezwa vyoo na jiko orofani, na uvujaji ukawa ugonjwa wa kawaida. Mamlaka ya kuuhifadhi mji huo iliundwa mwaka 1985. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka wakati likifanyiwa ukarabati, na watu wawili walipoteza maisha.

Lamu yenyewe iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya Mji Mkongwe. Heshima hiyo imeleta wanunuzi kutoka ng'ambo, ambao wana uwezo wa kulipia chokaa safi na mafundi wa nakshi. Nyumba zao aghalabu hupendeza. Lakini mara nyingi hufungwa miezi mingi, na jina tekani halitamkwi humo na mtu yeyote, ilhali jirani Mwamu mwenye watoto saba hana budi kununua saruji kwa kuwa ndiyo aimudu.

Tulipozuru Lamu katika likizo moja, tulikaribishwa katika nyumba ya namna hiyo. Kiwanda kilikuwa kimeezekwa bati ili kipatikane chumba cha jokofu na meza ya watoto. Matokeo yake misana ilikuwa na giza mchana kutwa, na ndani kulikuwa na joto hata taa na feni havikuzimwa. Mama mwenye nyumba alituambia, "Mwalimu, tumeongeza chumba kimoja, tumepoteza vitatu." Fundi mmoja mzee wa mtaa huo alikuwa amewashauri waliondoe bati, bomba lipitishwe nje ya ukuta ambako litaonekana likivuja, na meza ya watoto ihamishiwe msana wa tini, kwenye mwanga.

Siku tulipoondoka, nusu ya bati ilikuwa imeshushwa na kuegemezwa dakani. Watoto walikuwa wakifanya hesabu zao msanani bila taa. Nusu ya pili ilibaki palepale juu ya jokofu, kwa kuwa mvua za masika zilikuwa karibu na bado hawajaafikiana jokofu liende wapi.