Joki aliyewaachia Waingereza jina la upweke

Mwingereza anayesema yuko "on his tod" ana maana yuko peke yake, hana hata wa kunywa naye chai. Tod huyo alikuwa mtu: James Forman Sloan, joki kutoka Indiana, Marekani, aliyefariki Los Angeles Desemba 21, 1933. Jina lake lingali midomoni mwa watu wasiomjua.

Mafumbo ya namna hii yalienea London Mashariki miaka ya 1840, kwa wachuuzi na matapeli. Hufumbwa kwa vina. "Apples and pears" ina kina kimoja na "stairs", yaani ngazi. Kisha "pears" inatupwa, inabaki "apples" na polisi anabaki ameduwaa. Ni binamu wa kinyume, lugha yetu ya siri ya vijiweni. Mtunga kamusi Hotten aliyatia katika kitabu chake mwaka 1859. Joki wetu aliitwa Tod Sloan, na Sloan linapatana kina na "own" na "alone". Sloan likaangushwa, likabaki Tod.

Sloan alifika Uingereza mwaka 1897, na majoki wa huko walimcheka. Wao walikaa wima, miguu imenyooka. Yeye alifupisha vikuku vya kukanyagia, akajikunja shingoni mwa farasi. Walimwita tumbili juu ya kijiti. Katika kitabu chake cha 1915 anasimulia kwamba siku moja farasi alimtoroka. Katika kumvuta hatamu akajikuta amelala shingoni, akahisi mnyama anakimbia kwa wepesi zaidi. Kisa kitamu, lakini Willie Simms, joki Mweusi kutoka Georgia, alishapanda kwa vikuku vifupi Uingereza mwaka 1895. Yeye hakuna fumbo lililomtunza.

Kicheko kilikatika Septemba 30, 1898, Sloan aliposhinda mbio tano kwa siku moja pale Newmarket. Mwaka 1900 alitwaa Kombe la Dhahabu la Ascot akiwa juu ya Merman. Alivaa vizuri, akavuta sigara nene, akawatazama wakubwa usoni, na nadhani hilo la mwisho ndilo lililowakera zaidi. Oktoba mwaka huohuo, katika mbio za Cambridgeshire, aliweka dau kubwa kwa farasi aliyempanda mwenyewe, Codoman. Berrill akamshinda, na Sloan akamtolea maneno machafu joki aliyempiku. Jockey Club, chama kilichosimamia mbio, ikamjulisha asijisumbue kuomba leseni ya 1901. Hakuipata tena maisha yake yote, na Marekani nako milango ikafungwa. Kitabuni analia kwamba kosa la kamari lilikuwa la wengi, adhabu ikawa yake. Mimi namwamini nusu.

Mwaka 1911 alifungua baa Paris, rue Daunou, kwa kaunta iliyong'olewa New York na kuvushwa bahari. Fedha zilimwishia. Akarudi Uingereza, nayo mwaka 1915 ikamfukuza nchini kwa kuendesha nyumba ya kamari. Baa ilinunuliwa mwaka 1923 na Harry MacElhone, Mskoti wa Dundee, na mpaka leo inaitwa Harry's.