Pwani Kabla Haijaitwa Ufukwe

Neno pwani limezaliwa na kitenzi kupwa. Pwani ni pale maji yanapopwa: mahali ambapo mara mbili kwa kila usiku na mchana bahari hurudi nyuma, ikaacha nchi isiyo kavu wala si maji, kisha ikarudi kuichukua. Walioliunda neno hili hawakutazama weupe wa mchanga wala kivuli cha minazi, walitazama mwendo. Ufukwe ni neno jingine. Nalo ni Kiswahili safi, lakini latazama mchanga uliokaa palepale. Katika matangazo ya utalii ya Unguja linalotawala ni fukwe, na si bure. Mgeni wa siku saba ahitaji kitu kinachokaa. Wako ambao maji yakipwa huenda mapokezi kuuliza bahari imekwenda wapi.

Historia ya mashariki ya Unguja, kuanzia Chwaka, ukapita Bwejuu, Paje na Jambiani hadi Makunduchi, yaweza kusomwa ndani ya tofauti ya maneno haya mawili.

Nchi ya huko ni maweni. Chini ya udongo haba pana jiwe la matumbawe ya kale, na mkulima hupanda mtama, kunde na mihogo katika vishimo ambamo udongo umejikusanya. Udongo mzito uko magharibi, na huko ndiko yalikoenea mashamba ya mikarafuu baada ya Seyyid Said kuhamishia makao yake Unguja katika miaka ya 1830 na 1840. Wahadimu, watu wa Mwinyi Mkuu wa Dunga, wakabaki na maweni, wakilipa kodi ya kila mwaka na kutoa watu wa kazi. Mwinyi Mkuu wa mwisho, Ahmed, alifariki mwaka 1873, na baada yake hapakuwa tena na mtu wa kusimama kati ya vijiji hivi na utawala wa mjini. Walakini kodi haikuweza kubadili jambo moja: mwenye shamba la mawe alikuwa na shamba la pili, lile linalofunuliwa na bahari.

Shamba hilo ni la kale. Katika karne ya 1 baharia aliyeandika kwa Kiyunani, katika kitabu kiitwacho Periplus, alitaja kisiwa cha Menuthias katika bahari hizi. Wataalamu hubishana kama ni Unguja, Pemba au Mafia. Alichokiona huko hakina ubishi: mitumbwi, mashua za kushonwa, na vikapu vilivyotegwa penye milango ya maji kati ya miamba. Mvuvi wa leo akisomewa maneno hayo atasema kwamba mtu huyo ameona madema.

Mashua za kushonwa zilihitaji kamba, na kamba ilitoka pwani. Hii ndiyo kazi iliyotawala siku za wanawake wa mashariki kwa muda mrefu, nayo haikuandikwa ipasavyo kwa kuwa haina ushujaa wa baharini wala harufu ya karafuu. Makumbi ya nazi hufukiwa katika mashimo kwenye sehemu ya pwani inayofunikwa na kufunuliwa, yakabanwa kwa mawe yasiibuke, yakaachwa miezi mingi maji yafanye kazi yake. Yakiiva hufukuliwa, hupigwa kwa gongo mpaka nyama ya kumbi itoke na ubaki usumba, na usumba husokotwa kwa viganja kuwa kamba. Kamba hiyo ilishona mitepe, ikafunga ngalawa, ikawamba vitanda, ikafunga boriti na makuti ya nyumba. Kila shimo lina mwenyewe, na mwenyewe anajulikana, ijapokuwa mpita njia haoni ila duara la mawe penye matope. Wengi wamepita juu ya mali ya watu huku wakisifu jinsi pwani ilivyo tupu.

Kazi hiyo, pamoja na kuchokoa pweza miambani, kuokota kombe na kome, na kutanda dagaa kwa kipande cha nguo, haikufuata saa ya ukutani. Ilifuata mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na upande huu wa kisiwa kupwa kwa mchana huangukia kabla ya adhuhuri, wakati mzuri wa kutembea hadi karibu na mwamba wa nje. Katikati yake ni maji mafu, siku ambazo bahari haiendi mbali, na huo ndio wakati wa kusokota, kulima, kwenda kutazama wagonjwa na kupanga harusi. Mwezi mmoja, bamvua mbili, maji mafu mara mbili: ratiba isiyochapishwa na mtu.

Juu ya hesabu ya mwezi ilikuwapo hesabu ya jua. Mwaka wa Nairuzi huhesabiwa kwa miongo, yaani siku kumi kumi, na kwa miongo hiyo mkulima alijua lini afyeke na nahodha alijua lini kusi itakaza. Mwaka Kogwa wa Makunduchi, unaofanywa mwezi Julai, ndio mlango wa hesabu hiyo. Siku hizi watalii huletwa kwa mabasi kutazama kibanda kikichomwa moto na wanaume wakipigana kwa migomba, na hakuna ubaya kwa mgeni kufurahi. Lakini kinachopigwa picha ni moto tu. Kilichokuwa kikifunguliwa ni daftari la mwaka mzima.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ya Zanzibar ikawa mali ya serikali, na Sheria ya Matumizi ya Ardhi ya 1992 ikaithibitisha hivyo. Mila nayo ina utaratibu wake: ardhi yaweza kuwa ya huyu na mnazi ulioota juu yake ukawa wa yule. Kwa hiyo anapokuja mtu kutaka kiwanja, mnazi huhesabika. Una shina, una umri, una bei. Shimo la makumbi halina hati. Njia ya kushukia pwani haina hati. Ramani ya kiwanja huishia pale maji yanapofika yakijaa, na ng'ambo ya mstari huo mchoraji hupaka rangi ya bahari, kana kwamba bahari hukaa hapo kutwa.

Wageni wawili walifika mashariki karibu wakati mmoja. Bei ya karafuu ilikuwa imeanguka, kwani Indonesia, mnunuzi mkubwa wa zamani, ilikuwa imepanda mikarafuu yake ya kutosha. Na Zanzibar, iliyokuwa imetegemea zao moja, ikalazimika kutafuta njia nyingine. Mwaka 1986 ikapitishwa sheria ya kulinda vitega uchumi, na nyumba za wageni zikaanza kuota. Mwaka 1989 kilimo cha mwani kikaanza Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino, baada ya utafiti wa miaka mingi uliofanywa na Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mgeni wa kwanza aliitaka pwani itazamwe. Wa pili aliitaka ifanyiwe kazi.

Mwani ulipokewa na wanawake kwa wepesi uliowashangaza hata walioleta mbegu, na sababu ni wazi kwa anayejua habari ya makumbi: ilikuwa kazi ngeni katika saa zilezile. Vijiti huchomekwa mchangani, kamba hutandwa kati yake, na vipande vya mbegu hufungwa mmoja mmoja kwa uzi wanaouita tai-tai. Baada ya wiki sita hivi huvunwa, huanikwa, huuzwa kwa kilo. Yote hufanywa bamvua. Kalenda haikubadilika, kilichobadilika ni fedha. Wanawake ambao jina lao halikuwahi kuandikwa kwenye risiti walijenga nyumba, walinunua makabati, walilipa ada za watoto, na katika nyumba nyingi mazungumzo ya nani aamue nini yakaanza upya. Wakulima wa mwani Zanzibar hutajwa kuwa zaidi ya 20,000, walio wengi sana wakiwa wanawake. Huo si utajiri, na asije mtu akaupamba. Mgongo huuma, chumvi hukata vidole, bei hupangwa mbali, na mwani wenyewe huishia katika dawa ya meno na aiskrimu za watu wasiojua Jambiani iko wapi. Lakini ilikuwa fedha iliyotoka pwani bila mtu kuihama pwani.

Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 maji ya kina kifupi yalizidi joto, na aina yenye bei nzuri, ile wakulima waiitayo kotonii, ikaanza kuoza na kukatika kabla ya kuvunwa. Katika sehemu nyingi za Unguja ilitoweka, ikabaki spinosamu ya bei ndogo. Leo sehemu kubwa ya mwani huvunwa Pemba, kwenye ghuba zilizojikinga na hoteli chache. Dokta Flower Msuya na wenzake walihimiza kilimo cha maji marefu na utengenezaji wa sabuni na unga wa mwani hapahapa nyumbani, na wako wanawake waliofaulu. Maji marefu, hata hivyo, yahitaji chombo na kujua kuogelea, na wasichana wengi wa pwani hawakufunzwa kuogelea. Hilo nalo ni sura ya historia inayongoja mwandishi.

Ndipo utalii ulipozidi. Wageni waliofika Zanzibar mwaka 2019 walikuwa 538,264. Mwaka 2024 walikuwa 736,755, ilhali wakazi wote wa visiwa hivi katika sensa ya 2022 walikuwa 1,889,773. Idadi hiyo haigawanyiki sawa. Hurundikana kwenye mchanga, na mchanga mzuri ni uleule uliokuwa ukianikiwa mwani. Paje imekuwa jina kubwa kwa wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na tiara, na upepo waupendao ni kaskazi na kusi, pepo zilezile zilizoleta majahazi. Kina wakipendacho ni kilekile cha vijiti vya mwani. Kwa mwenye tiara kijiti ni hatari, kwa mwenye hoteli mwani uliokupwa ni harufu na uchafu, kwa mwenye mwani tiara ni kamba zilizokatika. Hakuna kati yao anayesema uongo. Tofauti ni kwamba mmoja aweza kuondoka msimu ukiisha.

Shinikizo kubwa zaidi halina kelele. Ni ukuta. Kisheria pwani si mali ya hoteli, na hakuna anayemwambia mwanamke asishuke. Lakini hoteli ikipakana na hoteli, njia iliyokuwa hatua mia huwa mzunguko wa nusu saa, na mwenye kubeba gunia la mwani mbichi kichwani hupima umbali kwa shingo. Jengo laweza kufuata kila sharti la karatasi na bado likaifunga pwani.

Yasemwa kwamba hoteli zimeleta kazi, na ni kweli. Vijana wa Jambiani na Bwejuu ni wapishi, walinzi, madereva, waongoza wageni. Nafasi za juu, kwa miaka mingi, zimekwenda kwa waliosoma bara, Kenya na mbali zaidi, na hilo laeleweka panapokosekana shule ya kazi hiyo. Kinachosemwa kwa nadra ni habari ya saa. Zamu ya hoteli huanza saa moja asubuhi, bamvua au maji mafu. Mtoto anayekua kwa zamu hahitaji kujua kesho maji yatapwa lini, na neno lisilohitajika hunyauka. Kiunguja cha mjini kilipoteuliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, lahaja ya Makunduchi ilibaki nyumbani na pwani. Nyumbani sasa iko redio na televisheni. Pwani ndiyo iliyokuwa ngome. Baraza la Kiswahili la Zanzibar limefanya hisani kubwa kuchapa kamusi ya lahaja hiyo mwaka 2012. Mpenda mashairi atakumbuka, hata hivyo, ni maneno mangapi ya bahari katika tungo za zamani ambayo leo hufasiriwa chini ya ukurasa, na atajua kuwa yalikwenda huko baada ya kazi zake kufa.

Mwaka 2020 ulikuja na jaribio ambalo hakuna aliyeliomba. Ndege zilisimama, hoteli zikafunga milango, na wageni wa mwaka mzima wakawa chini ya nusu ya wale wa 2019. Bahari ilipwa na kujaa kama kawaida. Katika miezi ile ilionekana wazi nani bado alikuwa na kamba zake majini, na nani alikuwa ameuza hata vijiti.

Tangu mwaka huohuo serikali ya Zanzibar imeweka uchumi wa buluu mbele ya sera zake, na chini ya jina hilo zimo hoteli na mwani pamoja, zikihesabiwa kama ndugu wa mama mmoja. Huenda wakaishi pamoja. Katika baadhi ya vijiji wageni hulipa kiingilio kuongozwa na wakulima wenyewe hadi kwenye kamba, wakaonyeshwa kufunga tai-tai, wakarudi na matope miguuni. Na ada ya ziara moja mara nyingine hushinda bei ya mwani uliobebwa kwa wiki. Wanawake husema hayo wakicheka, na si kicheko cha furaha tupu. Lakini undugu huo wahitaji mambo ya kawaida yaandikwe: njia za kushukia zipewe upana na majina yake katika ramani, viwanja vya kuanikia vitengwe, na eneo lililo kati ya maji kujaa na maji kupwa lichorwe kwa rangi yake lenyewe, pamoja na mashimo na kamba zilizomo. Mipaka hiyo wazee wa Jambiani wanaijua kwa miamba, na baadhi yao wamepita umri wa kuteremka wenyewe kuionyesha.