Mvivu Ni Nani? Kazi na Uvivu katika Nyimbo za Dansi

Neno "mvivu" ni jepesi kulitamka, lakini ni zito kwa mtu anayebandikwa. Nyimbo za dansi zimelitumia mara nyingi, na wasikilizaji wamecheka. Yafaa tuulize: nani amwita mwenzake mvivu, na kwa faida ya nani?

Mwaka 1928, katika Argentina, ulitungwa wimbo wa tango uitwao Haragán, yaani Mvivu. Humo mwanamke amkemea mume asiyetaka kazi. Mshtaki huyu ana haki, kwa kuwa mzigo wa nyumba u juu ya kichwa chake. Shtaka kama hilo lilisikika Tanzania pia. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikiri kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi saa 12 hata 14 kwa siku, likawalaumu wanaume wa huko kwa kupoteza nguvu zao katika soga, ngoma na ulevi.

Ajabu ni kwamba wapiga dansi walikuwa miongoni mwa watangazaji wakubwa wa Azimio hilo. NUTA Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki wake walilipwa mshahara. Basi dansi, ambayo kwa mchezaji ni mapumziko, kwa mpigaji ilikuwa kazi na mkate wa watoto wake.

Lakini yuko mshtaki wa namna nyingine. Tupande nyanda za juu za Buha, mpaka Muyama. Zama za utawala wa Waingereza, walowezi na maofisa wengi walidai kuwa Mwafrika ni mvivu kwa asili, hafanyi kazi ila asukumwe na kodi. Hata hivyo, mkonge wa Tanga ulikatwa kwa mikono ya watu waliotoka mbali, na Waha wa Kasulu na Kibondo walikuwa wengi miongoni mwao. Tangu mwaka 1944 ofisi ya SILABU iliwaandikisha na kuwasafirisha. Kila mmoja alipewa namba, ndipo wakaitwa manamba. Siku zao zilihesabiwa katika kipande: kazi ya siku 30 ikamilike kwanza, kisha ujira. Nyumbani mke alibaki na jembe lake na la mumewe.

Je, mvivu hapo yu wapi? Si aliyekata mkonge, wala si aliyelima peke yake. Lawama ya mke katika tango na lawama ya bwana shamba hutumia neno moja, lakini hazina uzito mmoja. Ya kwanza yatoka kwa abebaye mzigo. Ya pili yatoka kwa aliyebebwa. Mwanafunzi wa nyimbo asiishie kusikiliza neno. Na atazame mikono ya mwenye kulisema.