Kitambulisho cha Baba na Nafasi ya Shule

Wengi wetu hapa Nyamitaba ni wajukuu wa watu walioletwa na Wabelgiji kutoka Rwanda kati ya 1937 na 1955. Kwa hiyo habari hii ya shule za Rwanda si ya wageni kwetu. Ni ya ndugu zetu waliobaki kule.

Tangu miaka ya 1930 Wabelgiji waliandika kabila la mtu katika kitambulisho chake: Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Katika shule ya Astrida, iliyoanzishwa 1929, wana wa machifu Watutsi ndio waliotangulizwa. Baada ya mapinduzi ya 1959 mambo yaligeuka, lakini kitambulisho kilibaki vile vile. Mwanzoni mwa 1973 wanafunzi wengi Watutsi walifukuzwa mashuleni. Julai mwaka huo Habyarimana akatwaa utawala, na utawala wake ukashika kanuni iitwayo iringaniza, yaani kusawazisha: kila kabila na kila mkoa upewe nafasi kwa hesabu yake. Watutsi walihesabiwa karibu 9 katika 100.

Nafasi za sekondari zilikuwa chache mno. Basi mzazi angefanya nini? Mtoto alifuata kabila la baba. Kwa hiyo baba wengine walimwendea mkubwa wa komini kwa siri, wakatoa fedha, wakarudi na kitambulisho cha Mhutu. Mtoto akaingia shule, naye ilimbidi kunyamaza juu ya ukoo wa babu yake.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Majirani walijua. Aprili 1994, mauaji yalipoanza, vitambulisho vilikaguliwa kwenye vizuizi vya barabara, na walioshukiwa kubadili kabila waliuawa pamoja na wenzao. Karatasi iliyofungua mlango wa shule haikuwaokoa.

Amri ya nane yakataza uongo, wala sisemi kwamba wazazi wale hawakukosa. Lakini ni nani aliyewasukuma? Ni sheria iliyompima mtoto kwa damu ya baba kabla ya kutazama daftari lake. Kosa la kwanza ni hilo.

Nasi tunaoandikisha watoto shuleni, tukumbuke kitabu cha ubatizo. Sheria ya Kanisa yaagiza kuandika humo jina la mtoto, wazazi, wasimamizi, mahali na siku. Kabila halimo.